Kitabu au kanzidata? Kwanza, neno unalo?

Mkuu, umeuliza kama bado kuna haja ya kununua vitabu vya sheria wakati ofisi yenu inalipia kanzidata ya mtandaoni, yaani hazina ya hukumu na sheria unayotafuta kwa maneno. Nimetumia vyote kwa miaka mingi. Kwangu mimi swali ni kama neno la kisheria la tatizo lako unalijua tayari au bado.

Nikiwa mgeni kazini nilipewa kesi ya mizizi ya mti iliyopasua ukuta wa jirani. Nikaandika kwenye kanzidata "mti", "mizizi", "ukuta". Nikamwagiwa hukumu za ukataji wa misitu, za mipaka ya mashamba, na moja ya ukuta uliomwangukia mpita njia. Jioni nzima ikaishia hapo. Kesho yake wakili mwandamizi akachomoa kitabu rafuni, akaenda moja kwa moja kwenye faharasa: "Mizizi: angalia Kero", yaani neno la kisheria la usumbufu unaotoka kwa jirani. Basi! Sura ya kero ilikuwa fupi, na tanbihi zake zikanipa kesi karibu zote nilizohitaji. Niliporudi kwenye kanzidata na neno hilo, mambo yakanyooka.

Wala si uzembe wangu peke yangu. Mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, Blair na Maron, walichapisha matokeo ya jaribio la kutafuta kwa kompyuta katika nyaraka zipatazo 40,000 za kesi moja. Mawakili waliamini wamepata 75% ya nyaraka zinazohusika, kumbe walipata kama 20% tu. Wao walitafuta "ajali", wakati baadhi ya waandishi wa nyaraka zile waliiita "tukio" au "hali ya bahati mbaya".

Ila kitabu nacho kimeshanitia aibu. Niliwahi kutegemea hukumu niliyoisoma kitabuni, wakili wa upande wa pili akasimama na kusema kwa upole kwamba ilishatenguliwa kwenye rufaa. Nilipokikagua kitabu baadaye, kijimfuko cha jalada la nyuma, kile cha kuwekea nyongeza ya mwaka, kilikuwa kitupu. Tatizo hili ni la kale: Frank Shepard wa Marekani alianza mwaka 1873 kuuza vikaratasi vya gundi vya kubandika pembeni mwa hukumu, kuonyesha kesi za baadaye zilizoitaja. Leo kanzidata inakuonyesha hayo kwa alama ya rangi. Lakini ukiona nyekundu usikimbie, soma kwanza. Pengine kilichotenguliwa ni hoja moja ambayo wewe huihitaji.

Kwa hiyo nunueni matoleo mapya ya vitabu viwili vitatu vya maeneo mnayoyafanyia kazi kila siku. Mikusanyo ya hukumu iliyojalidiwa msiinunue tena, inakula rafu bure. Ila kabla ya kugawa ile ya zamani, angalieni hukumu kwenye kifurushi chenu cha kanzidata zinaanzia mwaka gani.