Babu Aliyebaki Bama

Mwanangu, uliniuliza mbele ya ukoo mzima: "Shangazi, miaka 14 uko kwa hao hao waliomchukua babu vitani, mbona hujatuletea hata karatasi yake moja?" Swali limeniuma kwa sababu ni la haki. Nakujibu bila kuficha.

Kazi yangu huku Uingereza ni kulea wazee, zamu za usiku. Kila chumba kina picha ukutani: babu wa mzee yule akiwa na sare, bibi yake siku ya harusi, majina na miaka vimeandikwa nyuma. Nikiwafunika shuka wananisimulia, kisha wananiuliza, "Na wa kwenu?" Mimi ninacho kile tu alichotuachia bibi: aliingia Keya, jeshi la Waingereza la Waafrika wa huku kwetu, baba akiwa bado tumboni, akapelekwa Bama, Myanmar ya leo, hakurudi. Picha hakuna, kaburi hatulijui.

Mwaka jana niliomba siku mbili bila malipo, nikapanda basi la usiku hadi London, kwenye nyaraka za taifa pale Kew. Kalamu ya wino hairuhusiwi, ni penseli tu. Nikaletewa shajara ya vita ya Batalioni ya 36 ya Keya, ya Tanganyika, ya mwaka 1944, walipokuwa bonde la Kabaw, huko Bama. Karatasi nyembamba, zimepigwa taipu. Mvua, matope, malaria. Ofisa Mzungu akijeruhiwa, jina lake lipo. Wetu wameandikwa hivi: Waafrika wawili wameuawa. Basi. Niliweka kidole kwenye mstari ule nikashindwa kufunua ukurasa wa pili. Huenda mmoja wao ndiye yeye.

Majina yapo kwingine. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola imeyaweka kwenye intaneti, bure. Hata wewe hapo Korogwe utayafungua kwa simu. Huko Bama kwenyewe, Taukkyan, kuna mnara wenye majina karibu 27,000 ya waliokosa kaburi. Jina la babu nimelipata mara nne, kila mara herufi zimepinda kivyake, na wawili hawana hata jina la baba. Karani aliandika alivyosikia. Bila namba yake ya uaskari siwezi kuchagua mmoja nikawaambia msome hitma, ndiye huyu.

Hizo fedha zake mnazosikia zimelala huku, sijaona hata senti.

Kilichobaki kiko kwenu. Bibi wa Muheza, dada yake babu, alikuwa binti mdogo kaka yake alipoondoka. Nenda kabla ya masika. Nauli na sukari yake nitatuma. Usimharakishe. Washa simu irekodi. Muulize kaka yake alijiandikishia wapi, aliondoka na nani siku ile, na kule Keya alitaja jina gani, maana bibi aliwahi kuniambia lile la nyumbani hakulitoa.