Pavan 20 za bibi harusi wa Kitamil: dhahabu iende wapi

SWALI: Binti yetu anaolewa na kijana wa Kitamil, harusi itafungwa Madurai, kusini mwa India. Tumetenga dhahabu ya pavan 20, na tutainunua Chennai wiki chache kabla ya harusi. Tumeonyeshwa picha za seti nzima: vidani vitatu, mkanda wa kiuno, vikuku vya mkono wa juu, mapambo ya kichwa mpaka kwenye msuko. Hatujui kipi cha lazima, kipi cha kupendezesha tu, wala namna ya kuikagua bei. Tuanzie wapi? (Mama wa bibi harusi, Dar es Salaam)

JIBU: Hongera, mama. Pavan moja ni gramu 8, kwa hiyo mkononi mna gramu 160. Zinatosha kumpamba binti vizuri kabisa, lakini haziwezi kutoa seti ya kwenye picha. Mkanda wa kiuno peke yake, oddiyanam, ukifuliwa kwa dhahabu tupu unaweza kupita gramu 100. Mkiuchukua huo, kila kinachobaki kitakuwa chembamba cha kupindika kwa kidole, na mkanda wenyewe baada ya harusi utalala kabatini.

Kabla ya kugawa, toeni kwenye hesabu vitu ambavyo si vyenu kuchagua. Cha kwanza ni thali, kidani kidogo cha ndoa anachofungwa bibi harusi shingoni. Umbo lake hufuata jamii na ukoo wa bwana harusi, na kwa Watamil wengi huletwa na upande wa mume. Msinunue kwa kupenda picha. Siku ya harusi hufungwa kwa uzi uliopakwa manjano, na baadaye huhamishiwa kwenye mkufu wa dhahabu uitwao kodi. Hapo ndipo pa kumuuliza mkwe wenu mapema: mkufu huo ni wa nani? Cha pili ni miguu. Dhahabu huhesabiwa kuwa ya Lakshmi, mungu wa kike wa neema, kwa hiyo haivaliwi miguuni. Mafurungu na pete za vidole vya miguu, metti, ni za fedha. Sonara akiwaonyesha furungu la dhahabu, lipiteni.

Gramu 160 ningezigawa hivi: mkufu wa sarafu, kasumalai, pavan 6, kidani cha shingoni, addigai, pavan 3, vipuli vya umbo la kengele, jimikki, pavan 2, bangili nne za pavan moja na nusu kila moja, yaani pavan 6, na mkufu wa thali pavan 3. Mkufu huo ukiletwa na upande wa mume, ongezeni pavan zake kwenye bangili, maana bangili atazivaa maisha yake yote.

Kasumalai ni safu ya sarafu ndogo zilizopigwa chapa ya Lakshmi, zikipandana kidogo kila moja juu ya mwenziwe. Ukiuvaa kifuani juu ya sari ya hariri ya Kanchipuram, hauhitaji msaada wa kito kingine, na hauna mawe mengi ya kulipia. Kosa la kawaida ni kutaka urefu mkubwa kwa uzito mdogo. Kwa gramu 48 chagueni wa karibu inchi 24. Mkienda inchi 30 kwa uzito uleule, sonara hana budi kuzifanya sarafu nyembamba, nazo zitapinda kingo na kukwaruza hariri. Ugeuzeni mkufu na kuangalia kwa nyuma: vijipete vinavyoshika sarafu viwe vimelehemiwa, visiwe vimekunjwa tu. Kijipete kilichokunjwa hufunguka kidogo kidogo kwa kuvutwa, na sarafu ya kwanza kupotea huwa ile ya katikati, yenye kubeba uzito.

Mtaonyeshwa pia mkufu wa manga malai, wenye vidude vya umbo la embe vilivyojazwa mawe mekundu. Ni kazi nzuri mno, ila kwa bajeti yenu singeuchagua, maana sehemu kubwa ya pesa huenda kwenye mawe na ujira. Mawe mekundu muyapate kwenye addigai, ambao ni mstari wa mawe ya duara yenye kidani cha umbo la yungiyungi katikati. Ulizeni kama ni yakuti ya asili, ya kutengenezwa kiwandani au kioo, na jibu liandikwe kwenye risiti.

Sasa bei, ambako ndiko watu wengi huumia. Mapambo ya mtindo wa mahekaluni, yenye miungu, tausi na mabata maji, hufuliwa kwa mkono kutoka bamba la dhahabu, na chini ya mawe mara nyingi huwekwa lakiri ya kuyashikilia. Mawe na lakiri vina uzito. Chukulieni kidani cha gramu 60, ambacho gramu 9 kati yake ni mawe na lakiri: dhahabu halisi ni gramu 51. Duka likidai asilimia 18 ya upotevu wa dhahabu wakati wa kazi, hiyo ni gramu 9.18, na jumla mnalipia gramu 60.18. Duka lingine likikokotoa kila kitu juu ya zile 60, mtalipia gramu 70.8. Tofauti ni zaidi ya pavan moja, na kidani ni kilekile. Kwa hiyo kabla ya kubishania asilimia, ombeni mistari minne kwenye karatasi: uzito wote, uzito wa mawe, uzito wa dhahabu tupu, na asilimia ya upotevu pamoja na ujira. Mikufu na bangili za mashine asilimia yake huwa ndogo. Kazi ya mkono yenye sanamu mara nyingi hupita 15. Asilimia hiyo hairudi mkiuza, ndiyo sababu nawasihi muiweke kwenye vipande vichache.

Usafi wa dhahabu uwe karati 22, wenye alama 22K916, yaani sehemu 916 katika 1,000. Tangu tarehe 1 Aprili 2023, kito chenye kubanwa na sheria ya muhuri wa usafi nchini India huuzwa kikiwa na alama tatu: nembo ya BIS, shirika la viwango la India, usafi, na HUID, namba ya utambulisho ya kito chenyewe, yenye herufi na tarakimu sita kwa jumla. Ingizeni namba hiyo kwenye programu ya BIS Care papo hapo dukani, muone kama aina ya kito na usafi vinalingana na mlichoshika. Neno KDM lililopigwa kwenye kito linahusu lehemu ya kadimiamu, si muhuri wa usafi. Tena vito vya kundan, polki na jadau, yaani mitindo ya vito vya kupachikwa mawe ambayo asili yake ni kaskazini mwa India, havimo kwenye sharti hilo. Na hata kwa sura havikai vizuri pembeni ya kasumalai.

Vipimo vichukuliwe mapema. Saizi ya bangili ya 2.6 si inchi mbili nukta sita. Tarakimu ya pili ni sehemu ya 16 ya inchi, hivyo 2.6 ni inchi 2 na 6/16, kipenyo cha ndani cha milimita 60. Ukiagiza kwa desimali utapata 66, na bangili itateleza mkononi. Binti akunje dole gumba kiganjani, mpime mzingo wa mkono penye vifundo, kisha mgawe kwa 3.14. Mzingo wa sentimita 19 unampa 2.6.

Jimikki zenu, pavan moja kila sikio, ni nzito kwa sikio lisilozoea. Ongezeni maatal, kijimkufu kinachotoka kwenye kipuli mpaka kwenye nywele juu ya sikio, kibebe uzito. Jaribuni pia msumari wa kipuli: ule wa parafujo mara nyingi ni mnene kuliko tundu lililotogwa kwa hereni nyepesi, na tundu likilazimishwa siku ya harusi litavimba.

Mkanda wa kiuno, vanki za mkono wa juu, jua na mwezi vya kichwani na pambo la msuko, chukueni vya fedha iliyopakwa dhahabu, au mkodishe. Oddiyanam upimwe juu ya sari yenyewe, binti akiwa ameketi chini, kwa sababu atakaa hivyo mbele ya moto wa ibada ya ndoa muda mrefu. Ukiupima amesimama, utamchoma tumboni. Vanki ipimwe baada ya blauzi kushonwa. Jua hukaa upande wa kulia wa mstari wa nywele, mwezi kushoto.

Rangi ya dhahabu ndiyo inayofichua seti iliyokusanywa ovyo. Mapambo ya mahekaluni mara nyingi hupewa rangi iliyofifia yenye wekundu, na bangili za mashine hung'aa njano. Chagueni moja. Beba kipande cha kitambaa cha blauzi pamoja na pindo lenye nyuzi za dhahabu, mkavitazame nje ya duka, kwenye mwanga wa mchana. Taa za dukani hufanya kila dhahabu ionekane sawa.

Vyenye mawe visiloweshwe wala kuingizwa kwenye mashine ya kusafishia. Maji hupenya nyuma ya jiwe, jiwe likapoteza mng'aro au likachomoka. Shada za maua mabichi atakazovishwa zina unyevu, kwa hiyo usiku uleule vifuteni kwa kitambaa kikavu na kila kito kiwe na mfuko wake. Na kabla hamjaondoka Madurai, andikeni orodha ya zawadi za bibi harusi, yenye maelezo ya kila kito na thamani yake, isainiwe. Kanuni za India za mwaka 1985 zinataka orodha hiyo. Ongezeni uzito na namba za HUID, na nakala moja ibaki kwa binti mwenyewe.