Nyumba imefika lenta, fedha zimeisha: nikope wapi?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tabora mjini. Nyumba yangu ya Ipuli imefika lenta, nahitaji milioni 6 za kuezeka na kupiga plasta. Benki inayopitisha mshahara wangu inasema riba ni asilimia 2 kwa mwezi, miezi 24. Saccos ya walimu nina akiba ya milioni 1.5. Kuna bwana mmoja Kiloleni anatoa papo hapo, laki unarudisha laki na ishirini mwisho wa mwezi, ila anashika kadi yako ya benki. Shoga yangu ananishauri niombe mkopo wa nyumba wa miaka 15. Mume wangu yuko mgodini Geita. Nishike upi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Huyo wa Kiloleni tumalizane naye kwanza. Ndiyo kausha damu yenyewe, mkopo wa riba ya kunyonya. Ishirini kwa mia kwa mwezi, wakati kanuni za Benki Kuu kwa wakopeshaji wasiopokea amana, yaani wasioweka akiba za watu, zinaishia asilimia 3.5 kwa mwezi. Na anayeshika kadi yako ndiye atakayepokea mshahara wako. Wewe utakwenda kumwomba nauli.

Sasa benki. Hukuniambia hiyo asilimia 2 inahesabiwa juu ya nini, na hapo ndipo fedha zinapopotelea. Kama ni juu ya mkopo wote mpaka mwisho, utalipa 370,000 kila mwezi, riba jumla 2,880,000. Kama ni juu ya salio linalobaki, utalipa kama 317,000, na riba yote itakuwa milioni 1.6 na kidogo. Asilimia ileile, mwalimu, tofauti inapita milioni 1.2! Nilikaa dirisha la mikopo Kigoma miaka mingi, na wateja waliouliza jambo hili niliwahesabu kwa vidole. Rudi ukaombe ratiba ya marejesho iliyochapwa, uone pia ada na bima wanazokata kabla fedha hazijaingia kwenye akaunti. Uangalie na salary slip yako: makato yote yakishakatwa, lazima ibaki angalau theluthi moja ya mshahara.

Ule wa miaka 15 ni mkopo mzuri kwa anayenunua au kujenga nyumba nzima. Riba ya mwaka huwa chini, lakini miaka ni mingi, na nyumba yenyewe ndiyo rehani. Benki itataka hati miliki, tathmini na ada za kusajili rehani. Ikiwa ni nyumba ya familia, sheria inataka ridhaa ya mwenzi, kwa hiyo bwana wa Geita atalazimika kusaini. Kwa milioni 6 sioni haja ya usumbufu huo.

Mimi ningeanzia saccos. Nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba, kwako ni milioni 4.5. Zinatosha mbao, bati na fundi? Nenda duka la vifaa ukachukue bei halisi. Plasta isubiri, mvua hainyeshei ndani ya nyumba iliyoezekwa. Utahitaji wadhamini, na ujue nao watakufuata uwadhamini. Hapo kataa usiyemjua deni lake, hata kama mnakaa ofisi moja.

Ezeka kabla ya Novemba.