Rambo zimetoka wapi tena?

Shikamoo Babu. Mimi ni mwenyekiti wa klabu ya mazingira shuleni kwetu Dar es Salaam, niko kidato cha tatu. Kila mwisho wa mwezi tunahesabu taka kandokando ya kijito kinachoingia Mto Msimbazi, kipande cha mita 100. Februari tulipata mifuko ya plastiki ya rambo 6. Aprili, baada ya mvua, tukapata 43. Mwalimu mmoja kasema tumepika, eti rambo zilipigwa marufuku tangu tuko shule ya msingi. Tumekosea wapi?

Marahaba, mjukuu wangu. Hesabu siioni kosa. Kosa liko kwenye daftari: mmeandika "rambo" mkaishia hapo.

Nimekulia jirani na Msimbazi, najua unavyomega kingo zake masika. Humo kingoni mna taka za miaka na miaka zimelaliana na mchanga, na udongo ukiporomoka zinatoka. Rambo zilikatazwa tarehe 1 Juni 2019, lakini marufuku haiyeyushi plastiki! Safari ijayo tafuteni pakiti za viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki iliyokatazwa Machi 2017. Mkizikuta zimegandamana na rambo kwenye tope moja, huo ni mzigo wa zamani. Rambo iliyopauka, yenye mchanga kwenye mikunjo, ipeni safu yake. Ile laini, rangi bado inang'aa, iandikeni kwingine, maana kuna mtu bado anauza. Na kile kifuko cheupe cha karanga msikiite rambo hata kidogo.

Andikeni pia mvua ilinyesha lini mara ya mwisho. Anzeni kwenye alama ileile kila mwezi, na kitu kidogo kuliko kizibo cha chupa kiacheni, la sivyo mmoja atahesabu na mwenzake ataruka. Ujerumani wanafunzi wanahesabu taka za mitoni tangu 2016, na wanaweza kulinganisha mto na mto kwa sababu wote wanafuata utaratibu mmoja.

Majini msiingie. Vaeni buti na glavu nzito. Pampasi na sindano hesabuni kwa macho tu.

Agosti, ardhi ikiwa kavu, hesabuni tena. Rambo zikishuka, mpelekeeni yule mwalimu daftari, pamoja na viroba vyenu kwenye ndoo.