Kwa Mnaoanza Mekanika: Kila Kani Ina Mwenyewe

Wadogo zangu mnaoingia kidato cha tano kwa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), na ninyi mnaoanza mwaka wa kwanza wa uhandisi au ualimu wa sayansi, mekanika, yaani somo la mwendo na kani (kusukumwa na kuvutwa), ndiyo mlango wenu. Umeme, mawimbi, sumaku, hata fizikia ya atomi, zote zitakuja zikichukulia kwamba tayari unajua kani ni nini na inafanya nini. Nimefundisha mada hii miaka mingi, na ninaloona likiangusha watu wengi halitokani na hesabu. Hesabu zake nyingi ni za kidato cha nne, ukiongeza kalkulasi kidogo. Tatizo ni kwamba kila mmoja wetu anaingia darasani akiwa na mekanika yake kichwani, aliyojifunza kwa kusukuma mikokoteni, kupanda daladala na kurusha mawe. Mekanika hiyo inatosha kabisa kwa maisha ya mtaani, lakini kwa sehemu kubwa haiko sahihi.

Inasema hivi: kitu kikienda, kuna kani inayokipeleka, kani ikiisha, kitu kinasimama. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alifundisha karibu hivyo hivyo, na fundisho lake lilitawala kwa karne nyingi hadi enzi za Galileo na baadaye Newton, aliyechapisha kanuni zake tatu za mwendo mwaka 1687. Kwa hiyo usijione mzito wa kichwa ukichukua muda kubadilika. Unachoombwa kukubali ni hiki: kitu hakihitaji kani ili kiendelee kwenda. Kinahitaji kani ili mwendo wake ubadilike, yaani kiongeze kasi, kipunguze, au kikate kona. Mkokoteni uliouachia unasimama kwa sababu ardhi na ekseli vinaurudisha nyuma kwa msuguano. Ondoa msuguano wote na hautasimama.

Maneno hayo utayaandika kwenye daftari siku ya kwanza, utayakariri, na muda si mrefu utayasaliti bila kujua. Nikitaka kuwapima wanafunzi huwapa swali la embe. Umerusha embe juu wima, limeshatoka mkononi, bado linapanda. Sahau upinzani wa hewa. Chora mishale ya kani zote zilizo juu ya embe. Karibu kila darasa nusu ya karatasi zinarudi na mishale miwili: uzito kuelekea chini, na mwingine kuelekea juu walioupa jina la “kani ya mkono”, ule wa juu ukiwa mrefu zaidi kwa sababu embe bado linapanda.

Hapo ndipo huuliza swali ambalo nataka mlibebe kuliko fomula yoyote: nani anasukuma? Mkono umebaki chini, haugusi embe. Hewa tumeiondoa. Aliyebaki ni dunia, nayo inavuta kuelekea chini. Basi mshale ni mmoja. Embe linapanda kwa sababu lilishapewa kasi, na dunia inaipunguza kasi hiyo kwa mita 9.8 kwa sekunde, kila sekunde. Likifika kileleni kasi yake ni sifuri kwa kitambo kisichopimika, lakini mchapuko, yaani kiasi ambacho kasi inabadilika kila sekunde, bado ni 9.8 kuelekea chini. Wengi hukataa hili. Wanaona kasi ikiwa sifuri na mchapuko nao lazima uwe sifuri. Fikiri: kama pale juu kasi ni sifuri na mchapuko ni sifuri, ni nini kitalirudisha embe chini? Lingebaki linaning'inia.

Ukichora mshale wa kani, lazima uweze kumtaja mwenye kani hiyo, yaani anayesukuma au kuvuta. Kwenye mekanika ya mwanzo wenyewe ni wachache mno: dunia, inayovuta bila kugusa, na kila kinachogusa kitu chako, yaani kamba, sakafu, mkono, springi, maji, hewa. Zungushia mstari kitu kimoja unachokichunguza, tembeza kidole kuzunguka mstari huo, na kila panapoguswa na kitu kingine uliza kama kuna mshale. Kisha ongeza uzito. Basi, umemaliza mchoro. Mshale usio na mwenyewe futa, hata kama roho inauma. Abiria aliyesimama kwenye Mwendokasi pale Dar es Salaam, dereva akifunga breki, anaenda mbele bila mtu kumsukuma mbele. Basi limepunguza kasi chini yake, yeye bado ana ile aliyokuwa nayo. Kani pekee ya mlalo juu yake ni ya sakafu kwenye viatu na ya bomba aliloshika, na zote mbili zinamvuta nyuma.

Hebu tufanye swali moja taratibu. Una tungamo la kilo 60, umesimama juu ya mizani ndani ya lifti. Zungushia mstari wewe mwenyewe, lifti iache. Dunia inakuvuta chini kwa nyutoni 588 (nyutoni ni kizio cha kani), ambayo ni 60 mara 9.8. Mizani inakugusa miguuni na kukusukuma juu. Hakuna mwingine. Kumbuka kwamba mizani haijui uzito wako. Inachoonyesha ni jinsi inavyokusukuma, kisha inagawa kwa 9.8 na kukuandikia kilo. Lifti ikiwa imesimama, mchapuko ni sifuri, mishale miwili inalingana, unasoma 60. Lifti ikipanda kwa kasi isiyobadilika ya mita 3 kwa sekunde? Wengi hutaja namba kubwa zaidi. Mchapuko bado ni sifuri, unasoma 60 vile vile. Lifti inapoanza kuondoka kwenda juu kwa mchapuko wa mita 2 kwa sekunde kwa sekunde, mshale wa juu lazima uzidi wa chini kwa tungamo mara mchapuko, ndiyo kanuni ya pili ya Newton: 60 mara 2, yaani 120. Mizani inasukuma kwa nyutoni 708 na unasoma kama kilo 72.

Sasa mtego wenyewe. Lifti inakaribia ghorofa ya juu, bado inapanda, lakini inapunguza kasi kwa kiwango kile kile cha 2. Mwendo ni wa kwenda juu, ila mchapuko unaelekea chini. Mizani inasukuma kwa nyutoni 468, unasoma chini kidogo ya kilo 48. Usiendelee na swali jingine mpaka uone kwa nini mwelekeo wa mwendo haukuingia kwenye hesabu hata mara moja. Kani inafungamana na mchapuko. Mtu akilishika hili vizuri, namwona akianza kutembea mwenyewe kwenye somo.

Msione kwamba shida hii ni ya shule zetu zenye maabara tupu. Mwaka 1992 mwanafizikia David Hestenes na wenzake huko Marekani walichapisha mtihani wa maswali yapatayo 30 kuhusu dhana ya kani, hauna hesabu kabisa, ni kuchagua jibu tu. Eric Mazur, profesa wa Harvard, aliwapa wanafunzi wake mtihani wa aina hiyo akiamini ungekuwa rahisi kwao. Mmoja akamuuliza ajibu vipi: kwa namna alivyofundishwa, au kwa namna yeye anavyofikiri? Swali la kweli kabisa. Mtu anaweza kukokotoa kurasa mbili bila kosa na bado mekanika ya mtaani imekaa pale pale kichwani, haijaguswa. Ukijikuta hivyo, jua una kazi ya kufanya, na kazi hiyo haipungui kwa kuongeza idadi ya maswali ya kukokotoa.

Kanuni ya tatu ya Newton, kwamba kitu kikisukuma kingine nacho kinasukumwa kwa kani sawa kuelekea upande wa pili, ndiyo inayosomwa kwa haraka kuliko zote na kueleweka kidogo kuliko zote. Lori la tani 10 limegongana uso kwa uso na gari dogo la tani 1. Nani kapata kani kubwa? Sawasawa. Lori linalisukuma gari kama gari linavyolisukuma lori, kila nukta ya mgongano. Kilichotofautiana ni mchapuko: gari dogo limepata mara kumi, na waliomo ndani wameumia kwa sababu hiyo. Kosa jingine ni la kitabu kilicho mezani. Uzito wa kitabu na kani ya meza juu ya kitabu si jozi ya kanuni ya tatu, ingawa hapo zinalingana. Zote mbili ziko juu ya kitu kimoja, na jozi haikai juu ya kitu kimoja hata siku moja. Dunia inavuta kitabu, kitabu kinavuta dunia: hiyo ndiyo jozi. Meza inasukuma kitabu, kitabu kinasukuma meza: hiyo nyingine.

Mwendo wa mduara nao una mshale wake wa bandia, ule wa kani ya kutupa nje. Chukua bodaboda inayokata kona yenye nusukipenyo cha mita 20 kwa kilomita 36 kwa saa. Badilisha kwanza kuwa mita kwa sekunde, gawa kwa 3.6, unapata 10. Mchapuko ni kasi mara kasi gawa kwa nusukipenyo: 100 gawa kwa 20, ni 5, kuelekea katikati ya kona. Pikipiki, dereva na abiria pamoja tuseme ni kilo 200, kwa hiyo inatakiwa kani ya nyutoni 1000 kuelekea ndani. Nani anaitoa? Lami, kupitia tairi, kwa msuguano, na hakuna mwingine. Tuseme lami kavu inaweza kushika hadi asilimia 70 ya uzito, hapa kama nyutoni 1370, kona inapitika. Mvua ikinyesha na matope yakatapakaa, msuguano ukashuka hadi asilimia 30, unabaki na nyutoni 588. Hazitoshi. Pikipiki haitupwi nje na chochote. Inashindwa kupinda kiasi kinachotakiwa, inatoka barabarani ikikaribia kufuata mstari ulionyooka. Angalia pia hiyo kasi mara kasi. Ukiongeza mwendo maradufu, kani inayohitajika inakuwa mara nne, nyutoni 4000, na hata lami kavu haiwezi. Natamani kila kijana anayekabidhiwa pikipiki afanyiwe hesabu hii kwanza.

Kuhusu namna ya kusoma, nina machache. Pasti pepa ni nzuri, lakini zisiwe mahali pa kuanzia. Anayeanza nazo anajifunza kutambua sura ya swali na kulivuta jibu lililokaririwa; mtunzi akigeuza lifti ikapunguza kasi badala ya kuongeza, amekwisha. Fanya maswali machache kwa undani, ukichora kila mara, hata yale unayoona hayahitaji mchoro.

Beba herufi hadi mwisho, namba ziingie kwenye mstari wa mwisho tu. Faida yake ni kwamba jibu lenye herufi unaweza kulihoji. Sanduku likiteleza kwenye mteremko usio na msuguano, umepata mchapuko ni g mara sine ya pembe, au umeandika kosine na huna uhakika? Lalaza mteremko uwe tambarare, pembe sifuri. Sanduku haliendi popote, kwa hiyo jibu lazima liwe sifuri, na sine ya sifuri ni sifuri. Simamisha mteremko wima, digrii 90, sanduku linaanguka huru, na jibu linakuwa g. Sine imepita. Hukuhitaji kumuuliza mtu.

Kwenye diskasheni, mwenye jibu asiandike ubaoni. Aeleze kwa mdomo, kwa Kiswahili, bila fomula, kani zipo ngapi na kila moja inatoka kwa nani. Mtihani mtaandika kwa Kiingereza, sawa, lakini kundi linalojadili kwa lugha linayoimudu hufichua haraka nani anaelewa na nani anarudia madesa.

Mkishazoea kani, nishati na momenta (tungamo mara kasi) havitawasumbua. Swali likitaja umbali na kasi bila kuuliza muda, jaribu nishati kwanza; kukiwa na mgongano au mlipuko, anza na momenta. Mengine mtayaona kwa mazoezi.

Kama shule haina vifaa na una simu janja, pakua phyphox, programu ya bure iliyotengenezwa na chuo kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani. Inasoma kihisi cha mchapuko kilichomo ndani ya simu. Ilaze simu mezani, chagua kipimo cha mchapuko kinachojumuisha g, nacho kitaonyesha karibu 9.8 ingawa simu haiendi popote, kwa sababu kihisi, kama ile mizani, kinahisi kusukumwa na meza. Idondoshe juu ya godoro na uangalie grafu: wakati inaanguka, namba inashuka karibu na sifuri. Panda nayo lifti ukiweza, uone namba ikizidi 9.8 lifti inapoanza kupanda, na ikishuka chini ya 9.8 inapopunguza kasi kule juu, kama ile mizani.

Na swali la kuanza nalo leo. Pikapu imebeba sanduku nyuma, halikufungwa kamba. Pikapu inaondoka na kuongeza kasi, sanduku halitelezi, linaenda pamoja na gari. Wengi wataandika kwamba msuguano juu ya sanduku unaelekea nyuma, kwa kuwa walifundishwa kwamba msuguano hupinga mwendo. Zungushia sanduku mstari, hesabu wanaoligusa, kisha uamue mshale uelekee wapi.