Kibao cha jina kwa zawadi: herufi kwanza, mbao baadaye

Vibao vingi vya zawadi huharibika hata kabla brashi haijachovywa: mtu ananunua ubao, halafu anatafuta maneno ya kuujaza. Anza na maneno, tena machache. Ukipita Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza kando ya ziwa, tazama mitumbwi: jina fupi, herufi nene, na linasomeka toka mbali. Methali nzima ukutani inamlazimu mgeni asogee mpaka pua iguse.

Tahajia waulize wenyewe. Jina la Kisukuma lenye Ng', ukiisahau ile alama ya juu, umeshaandika jina lingine.

Sasa hesabu. Tuseme ni MAMA NEEMA, ubao wa sentimita 60. Acha 5 kila upande, zinabaki 50. Herufi ya kawaida ipe 4.8 pamoja na mwanya wake. M ni pana, ipe 6. Kati ya maneno mawili acha 2.4. Jumla 49.2, inatosha. Anayeanza kushoto kwa kukadiria macho huishiwa nafasi, ndiyo maana ile A ya mwisho mara nyingi huwa nyembamba kama mkia wa mjusi.

Chora yote kwenye karatasi, sugua chaki nyuma yake, ibandike kwa selotepu, kisha fuatisha kwa kalamu ya wino. Karatasi ya kaboni tunaikwepa. Alama zake huonekana chini ya rangi nyeupe.

Paini ya inchi 1x8 iliyopigwa randa inafaa. Kataa yenye vifundo pale herufi zitakapokaa, maana hutoa utomvu na rangi inageuka njano. Kama ni mbichi, ilaze kivulini mpaka ikauke, juu ya vipande viwili vya mbao, hewa ipite chini. Piga msasa namba 80, 120, kisha 220, ukifuata nyuzi. Matundu ya skrubu toboa sasa hivi, si baada ya rangi. Praima, yaani rangi ya msingi, paka mbele, nyuma na kwenye kingo. Nyuma ikibaki wazi hufyonza unyevu wa ziwa na ubao unapinda.

Rangi ya mafuta hushika juu ya rangi ya maji iliyokauka. Kinyume chake hubanduka. Brashi bapa ni ya mistari mirefu, ya duara namba 2 ni ya kona, na mkono uegemee rula. Rangi iwe kama uji mwepesi. Nzito huacha michirizi, nyepesi sana huingia kwenye nyuzi na ukingo wa herufi unachanua.

Subiri saa 24 kabla ya vanishi, na masika subiri 48. Ukiharakisha, brashi ya vanishi inaburuta herufi. Kwenye maandishi meupe ya rangi ya maji tumia vanishi ya maji, kwani ya mafuta huyafanya manjano. Kibao cha barazani kisiwe na herufi nyekundu, jua huzipausha mapema, na skrubu ziwe zisizoshika kutu.