Maswali na Majibu: Mkutano wa Ukoo na Karatasi ya Mababu

Kila mwaka unapoelekea ukingoni, koo nyingi hukutana kijijini, na siku hizi karibu kila ukoo una kijana mmoja au wawili waliojitwika kazi ya kuandika majina ya mababu. Maswali ya safari hii yanatoka kwa vijana hao na kwa binamu zao wasiokubaliana nao.

Ukoo wetu hukutana Rombo baada ya Krismasi. Mwaka huu nimepewa kazi ya kukusanya habari za mababu kutoka kwa wazee. Nifanyeje nisiharibu sherehe? (Msomaji, Dar es Salaam)

Usiwahoji wazee siku ya sherehe. Siku hiyo kuna ibada, kuna kuchinja, kuna mbege (pombe ya ndizi), kuna taarifa ya mweka hazina ambayo haijawahi kuisha kwa wakati, na mzee wa miaka themanini na kitu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki tangu asubuhi atakujibu lolote ili umwache apumzike. Nenda siku mbili au tatu kabla, asubuhi, ukifuatana na mjukuu aliyelelewa naye, ubebe sukari au kilo ya nyama, na uzungumze kwa lugha anayoiotea ndoto, hata kama yako ni ya kukwamakwama. Mwombe ruhusa kabla ya kuwasha kinasa sauti cha simu, na akisema zima, zima.

Maswali yako yaanze na mahali, majina yatafuata yenyewe. Mzee anayeulizwa ghafla amtaje babu wa babu yake hubaki kimya, lakini ukitembea naye kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, ukamuuliza mimea ile ya masale ya mpakani ilipandwa na nani, nani alikuwa wa kwanza kuzikwa pale chini ya migomba, na nyumba ya kwanza ilielekea upande gani, atakutajia watu ambao hukujua kwamba walikuwepo. Kwa kila mwanamume atakayemtaja, uliza mara moja mkewe alitoka kwa nani na kijiji gani, kwa sababu swali hilo likiahirishwa huwa halirudi.

Siku ya mkutano iache iwe siku ya kusahihisha. Bandika ukutani karatasi kubwa yenye majina uliyoyapata, uweke kalamu kando yake, na uwaache watu wakosoe wenyewe. Kuna shangazi atakayepita pale akielekea jikoni, asome, acheke, na kwa sentensi mbili akupe kile ulichokikosa kwa siku tatu. Kila sahihisho liandikwe pamoja na jina la aliyelitoa. Usibishane naye hata ukiwa na hakika kwamba amekosea.

Mimi na mtoto wa shangazi tuna habari mbili tofauti. Kwangu, mwanzilishi wa ukoo alitoka Usambara. Kwake, alitoka Ukamba. Tuandike ipi? (Msomaji, Moshi)

Andikeni zote mbili, na kando ya kila moja muandike nani aliisimulia, lini, na yeye aliisikia kwa nani. Koo za Kilimanjaro husimulia asili nyingi, zikiwemo Ukamba, Utaita na Usambara, na inawezekana kabisa kwamba mmoja wenu amepokea habari za upande wa mwanzilishi na mwingine za upande wa mkewe.

Lipo pia jaribio dogo la hesabu. Kizazi kimoja huchukua takriban miaka 25 hadi 30. Kama wewe ulizaliwa mwaka 1980 na unahesabu vizazi vinane hadi kwa mwanzilishi, basi yeye alizaliwa kati ya mwaka 1740 na 1780 hivi. Sasa tazama kama simulizi inaafiki: akisemwa kwamba alipigana na Wajerumani, ambao walitawala huku kuanzia miaka ya 1880, basi ama vizazi vyako vimezidi, ama watu wawili wameunganishwa wakawa mmoja. Mara nyingi zaidi kosa huwa la upande wa pili, yaani vizazi hupungua, kwa sababu kumbukumbu ya mdomo humshika mwanzilishi na kuwashika mababu wanne au watano wa karibu, halafu waliokaa katikati hudondoka bila mtu kutambua. Mkiona pengo, liacheni wazi. Pengo lililoachwa wazi humwalika anayejua alijaze, ilhali jina la kubahatisha likishaandikwa hakuna atakayeliuliza tena.

Bibi yangu anasema alizaliwa mwaka wa nzige. Nitapataje mwaka kamili? (Msomaji, Sumbawanga)

Huenda usiupate, lakini unaweza kuukaribia. Kwenu tatizo ni kwamba miaka ya nzige ilikuwa mingi: bonde la Ziwa Rukwa ni mojawapo ya mazalio ya nzige wekundu, na wimbi lao kubwa lilidumu tangu mwaka 1930 hivi hadi 1944. Kwa hiyo tafuta tukio la pili na la tatu la kumbana nalo. Wakati vijana walipochukuliwa kwenda vita vya 1939 hadi 1945, yeye alikuwa anabebwa mgongoni au alikuwa anachota maji? Siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, alikuwa na watoto wangapi, na mdogo wao alikuwa anatembea? Wakati wa Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa katikati ya miaka ya 1970, mzaliwa wake wa kwanza alikuwa ameshaoa? Majibu matatu ya namna hiyo hukupa muda wa miaka mitano au sita, na hapo unaandika “takriban” bila kuona haya.

Kisha nenda parokiani. Wamisionari Wakatoliki wamekuwepo Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, tangu mwaka 1885, na kitabu cha ubatizo huandika jina la mtoto, la wazazi na la msimamizi, aghalabu kwa Kilatini katika vitabu vya zamani. Soma pia pembezoni mwa ukurasa: sheria ya Kanisa hutaka ndoa ya mtu iandikwe kwenye kumbukumbu za ubatizo wake, na maandishi hayo madogo ndiyo yatakayokuonyesha bibi alifungia ndoa parokia gani, mahali ambapo pengine hukuwahi kupafikiria. Omba kwa heshima kupitia ofisi ya paroko, toa mchango unaostahili, na usipige picha kurasa za watu wengine. Kumbuka tu kwamba kwa aliyebatizwa akiwa mtu mzima, umri ulioandikwa ni makisio ya padri. Kwa kitambulisho chenye tarehe 1 Januari, makisio ni ya karani.

Binamu yangu amewaunganisha watu watatu wenye jina moja kuwa mtu mmoja, na amekwisha kuwagawia jamaa wote nakala. (Msomaji, Nyeri)

Kwa Wakikuyu kosa hili ni la kutarajiwa. Mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la baba wa baba yake na wa pili jina la baba wa mama yake. Msichana wa kwanza huitwa jina la mama wa baba na wa pili la mama wa mama. Hivyo jina moja hurudi kila baada ya vizazi viwili, na huwa nalo binamu kadhaa kwa wakati mmoja. Mtambulishe kila mtu kwa jina lake pamoja na la mwenzi wake na la rika lake la tohara. Ni vigumu watu wawili kulingana kwa yote matatu. Utaratibu huohuo una faida pia, kwani ukijua majina ya watoto wanne wa mwanzo kwa mpangilio wa kuzaliwa, unaweza kukisia majina ya babu na bibi zao wa pande zote mbili, kisha ukayahakiki kwa wazee. Kuhusu nakala, toeni toleo jipya lenye tarehe juu ya kila ukurasa, na binamu yako alitangaze yeye mwenyewe.

Baba mkubwa amekataa kututajia wake wengine wa babu na watoto wao. Anasema tunatafuta ardhi. Je, tuandike bila yeye? (Msomaji, Bukoba)

Kabla ya kumlaumu, kubalini kwamba hofu yake ina msingi. Mtu anapofariki, familia huketi kikao cha ukoo, humpendekeza msimamizi wa mirathi, na muhtasari wa kikao hicho hupelekwa mahakama ya mwanzo. Baba mkubwa ameishi akiona karatasi zenye majina na sahihi zikigeuka kesi za vibanja, yaani mashamba ya ukoo, na sasa anamwona mpwa wake akija na karatasi nyingine yenye majina yaleyale. Kwa macho yake hakuna tofauti, na ninyi ndio mnaowajibika kuionyesha.

Itengeni kazi hii na mirathi kabisa. Msichukue sahihi ya mtu yeyote, msijadili mashamba siku hiyo, na juu ya karatasi andikeni kwa herufi kubwa kwamba hii si orodha ya warithi. Kama kuna mirathi ambayo bado haijafungwa, subirini iishe. Mababu hawana haraka. Lakini msimdanganye mzee kwamba karatasi haiwezi kumgusa mtu. Kama kweli kuna watoto wa babu walioachwa nje ya mgawo, siku moja mti wa ukoo utawaonyesha, na mkijifanya hamlijui hilo yeye atalijua kabla yenu.

Kwa sasa andikeni “mke wa pili, jina halijatajwa” na muache nafasi. Muulizeni mambo mengine: shule aliyosoma, jinsi kahawa ilivyouzwa enzi zake, nani alimfundisha kutengeneza rubisi, ile pombe ya ndizi. Majina ya wale wake, kwa uzoefu wa wengi, huletwa na wajukuu wao wenyewe watakaposikia kwamba kuna orodha na wao hawamo.

Binamu yetu aliyeko Minnesota anataka kuweka mti wote kwenye intaneti na anatuomba sote tupime vinasaba (DNA). Tumkubalie? (Msomaji, Arusha)

Haya ni maombi mawili tofauti. Waliofariki wanaweza kuwekwa. Walio hai wasiwekwe bila idhini ya kila mmoja, na tarehe zao za kuzaliwa zisiwekwe kabisa, kwa kuwa tarehe hiyo pamoja na ukoo wa mama ndivyo vitu ambavyo tapeli huvitafuta kwanza. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022, lakini hata zisingekuwepo, si adabu kumtangaza mtoto wa mwenzako duniani bila kumwuliza.

Kipimo cha vinasaba hufaa zaidi kujua nani ni ndugu ya nani kuliko kujua mmetoka wapi, kwa sababu sampuli za Waafrika katika hazina za kampuni hizo ni chache na asilimia za asili wanazokupa ni makisio mapana. Binamu wa kwanza hushiriki kwa wastani asilimia 12.5 hivi ya vinasaba vyao, wa pili takriban asilimia 3. Namba hizo hazijui kunyamaza. Anayepima huwapimia kwa sehemu ndugu zake wote, na akikuta kwamba baba mdogo ana baba mwingine, habari hiyo imeshatoka. Kaeni kwanza, mkubaliane nani ataambiwa nini, ndipo atakayetaka apime.

Katika mti wetu shangazi wote wameachwa, eti wameolewa. (Msomaji, Tanga)

Waandikwe, pamoja na watoto wao. Mkitaka kujua uzito wa hoja hiyo, mwombeni mweka hazina awaonyeshe nusu ya michango ya mwaka jana ilitoka kwa watoto wa nani.

Daftari likae kwa nani? (Msomaji, Kigoma)

Likae kwenye nyumba tatu za matawi tofauti, nakala zote zikiwa zimechapishwa, pamoja na faili moja la kompyuta analolitunza mtu mmoja tu mwenye ruhusa ya kulibadilisha. Simu hupotea, na makundi ya WhatsApp hufutwa watu wanapogombana kuhusu michango. Anayelitunza abadilishwe kila baada ya miaka michache, na anapokabidhi aandike kwenye ukurasa wa mwisho ni majina gani bado yanatafutwa.